Konokono wa Chuma Langoni

Babu yangu alikuwa akitembeza vitambaa mashamba ya Unguja, mzigo mgongoni, na hakufika popote kwa haraka. Watu wakamwita Konokono. Jina likawashika watoto wake, likavuka bahari nasi, na mpaka leo hapa Maskati nikiingia msibani wazee hawaniulizi kabila. Wanasema, "Huyu wa kwa Konokono," kisha wananisogezea kahawa.

Kaka yangu mkubwa, mstaafu wa wizara, hataki hata kulisikia.

Mimi nimetangatanga sana. Kuna miaka nilikuwa mlinzi katika kasri moja kongwe huko Ulaya, siku hizi la watalii. Ukutani zimetundikwa ngao za koo za mabwana wa zamani. Nilitarajia simba na tai, nao wamo. Lakini ukoo mmoja jina lao lilisikika kama neno lao la kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba, basi wakachora kalunguyeye watatu. Wengine jina lilifanana na la samaki, wakachora samaki. Aliyekuwa akiwatembeza wageni alieleza kwamba picha zile zilitamka jina. Hata asiyejua kusoma alimjua anayekuja. Nikawa nasimama pale nikiwaza: hawa wamembeba kalunguyeye mpaka vitani, sisi konokono tunamwonea haya sebuleni.

Mama alipotaka lango jipya, nilikwenda mtaa wa Ghala kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Akanionyesha farasi, akanionyesha mitende. Nikamchorea konokono mkubwa kama sinia. Akanitazama kidogo, akawasha mashine.

Kaka alifika wakati linafungwa.

"Ng'oa kidude hicho. Wakwe wanakuja hapa kumposa binti yangu."

"Waje. Watajua wamefika."

"Jina letu limo kwenye pasipoti."

"Msibani hawatuiti kwa pasipoti, kaka."

"Wallahi kikibaki hicho, mie hapo sipiti."

Mama alikuwa kakaa kivulini. "Mie nimeolewa kwa Konokono, nimezaa kwa Konokono," akasema. "Leo nimwonee haya nani?"

Siku ya posa kaka aliingia kwa mlango wa jikoni, kanzu nyeupe, kilemba, udi unamnukia, akajipenyeza kati ya wanawake wanaokaanga sambusa. Shangazi akamwambia, "Karibu, baba. Kisu kile pale, vitunguu vile pale."

Wageni walipita langoni. Mzee wao akasimama, akaligonga gamba kwa mkongojo. "Nlijua tu ni hapa," akasema, akaingia. Posa ikakubaliwa kabla ya halua kwisha.

Kaka bado anapita jikoni kila Ijumaa. Juzi alimtuma mkewe aniombe nimtoe konokono, kiapo kiishe, maana anachoka kunuka mafuta. Nimemjibu kwamba kiapo kina kafara yake: alishe maskini kumi, kisha apite langoni kama watu wengine. Konokono hatoki.