Simfoni nne, makondakta wawili, na neno nililomwambia mwalimu Fidy

Wakuu, salamu zenu.

Ubishi wenu wa spika wiki iliyopita umenikumbusha jambo langu. Nalieleza lilivyokuwa, bila chumvi, hata pale linaponiaibisha.

Nazungumzia simfoni nne za mtunzi mmoja Mjerumani wa karne ya kumi na tisa. Jina naliacha, maana wajuzi wa humu mtaacha kisa mumjadili yeye. Na kondakta hapa si wa basi, ni yule anayesimama mbele ya okestra na kijiti.

Mimi ni Mkomoro, mzaliwa wa Mahajanga, Madagaska, mtaa wa Ampisikina. Fundi redio. Kiswahili nimekipatia Tanga ukubwani, mnivumilie.

Fujo dhidi yetu Wakomoro zilipotokea Mahajanga, mimi na mama tulifichwa na mwalimu Fidy, Mmalagasi, nyumbani kwake Antanimasaja. Alikuwa mteja wangu tu, si ndugu.

Siku tatu.

Mama alikuwa na kikohozi kibaya. Kila akianza, Fidy anaongeza sauti ya gramafoni ili majirani wasisikie. Santuri zenyewe zilikuwa hizo simfoni nne. Ndivyo nilivyozijua.

Baadaye tukahamia kisiwa cha Nosy Be, nikafungua kibanda cha ufundi. Injinia mmoja wa kiwanda cha sukari, aliyekuwa anarudi Ufaransa, akaniachia gramafoni na sanduku la santuri. Simfoni zilezile, kondakta mwingine.

Huyu wangu alikwenda polepole, kwa uzito. Nikaamini ndiye anayeujua muziki ule. Nikamwandikia Fidy kwamba wake anakimbia kama anawahi feri. Akanijibu kurasa tatu!

Tulibishana kwa barua karibu miaka miwili, sehemu kwa sehemu, dakika kwa dakika. Nakiri ilikuwa raha.

Mwishowe nikasafiri na sanduku langu hadi Mahajanga. Tukaweka santuri yangu kwenye gramafoni yake.

Nikashangaa. Kondakta wangu hakwenda polepole hata kidogo. Spidi yake karibu sawa na ya wake.

"Mashine yako inakimbia," nikamwambia.

Fidy akachukua kinanda chake cha mdomo, akapuliza do. Simfoni ya kwanza inaanza na ngoma inayopiga do. Zikalingana kabisa, na mashine inayokimbia hupandisha sauti.

"Yako ndiyo inayochelewa, Bakari," akasema. "Ukifika nyumbani, ifungue."

Kumwambia fundi hivyo, mbele ya mkewe na wageni wawili! Ningecheka yakaisha. Badala yake nikasema:

"Ninyi mlitutoa kwenye nyumba zetu, sasa mnataka kunifundisha hata kusikia?"

Ninyi. Nilimwambia yeye.

Fidy alizirudisha santuri kwenye maganda yake moja moja, akanikabidhi sanduku kwa mikono miwili. Mkewe alinisindikiza mlangoni, akaniuliza tu, "Mama hajambo?"

Nosy Be nikaifungua mashine. Mkanda wa mpira ulikuwa umelegea. Nikabandika kipande cha karatasi kwenye sahani, nikahesabu kwa saa. Mizunguko thelathini na moja kwa dakika, badala ya thelathini na tatu na ushei. Natengeneza mashine za watu kila siku, na yangu sijawahi kuipima.

Mkanda nikabadilisha siku ileile. Barua ndiyo iliyonishinda. Mwaka ukapita, na zaidi.

Mama aliona barua za Fidy haziji tena, akanibana mpaka nikamweleza. Akasema, "Yule mtu alinifunika blanketi lake. Nenda."

Mahajanga nikaambiwa Fidy amehamishiwa shule ya Katsepy. Nikapanda feri, nikavuka ghuba. Nilimkuta barazani anasahihisha madaftari.

"Zoky," nikasema, maana ndivyo kule tunavyomwita kaka mkubwa, "mkanda wangu ulikuwa umelegea. Ulisema kweli."

"Hilo nililijua siku ileile," akasema bila kuinua macho. "Ndilo lililokuleta?"

"Hapana."

"Basi sema lile lingine."

Nikalisema. Nilianza kwa Kimalagasi, nikamalizia kwa Kikomoro ambacho hakijui, na machozi yakanitoka. Alingoja nimalize.

"Liliniuma sana," akasema. "Mke wangu ndiye aliyesema utakuja. Mimi sikuamini."

Akasogeza madaftari pembeni nipate pa kukaa, akaniuliza kama nimekula.

Hatukusikiliza muziki, gramafoni aliiacha mjini. Tulikula wali na samaki, tukazungumza habari za mama.

Mtaniuliza kondakta yupi bora. Baada ya mashine kupona, simfoni ya kwanza na ya nne nampa wake. Ya tatu ni wangu, na hapo hanibadilishi mtu. Ya pili wako sawa. Fidy alibisha kuhusu hiyo ya tatu kwa barua mpaka nilipohamia Tanga, na hata baada ya hapo.

Nilichojifunza: usimhukumu kondakta kabla hujapima mashine yako. Na ubishi ukikuzidi, kubali umeshindwa. Usichukue machungu uliyotendewa na umati ukamtupia mtu mmoja aliyekufungulia mlango.

Wenye simfoni hizi, semeni mnasikiliza kondakta gani. Na kama nawe uliwahi kumtolea rafiki neno kama langu, tuambie ulirudi vipi kwake. Nasoma zote.