Bipu Moja, Usije

Mimi si mtu wa kukaa. Hata kwenye cherehani nilishona huku jicho moja liko barabarani, na kanisani mama alizoea kuniweka mwisho wa benchi ili nikitoka nisiwakanyage watu. Kwa hiyo Jumapili ile nilipoingia kwenye banda la video pale Mbinga, sikufuata filamu. Nilikuwa natafuta mahali pa kujifungia nisizunguke mji mzima kama kichaa. Mdogo wangu alikuwa Liuli, kule ziwani, anasubiri uchungu. Mimba yake ya kwanza ilitoka, na nusura imchukue na yeye.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Kahawa inanunuliwa na kila mwenye gari na mizani, na simu za mkononi zimeingia mjini zikaiacha adabu yake nyuma. Mtu akiuza kahawa vizuri ananunua simu kabla ya bati. Watu walipokea simu msibani, walipokea padri akiwa katikati ya mahubiri, na kwenye banda la video walipokea kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, wakati steringi, shujaa wa picha, ndiyo kwanza anamnyemelea jambazi. Ugomvi hauishi. Mwishowe mwenye banda aliweka mlangoni beseni la kufulia, ndani yake katandika kitenge. Unaingia, unazima simu, unailaza kwenye beseni, unapewa kipande cha boksi chenye alama yako. Msimamizi wa beseni alikuwa baba mmoja mtu mzima kutoka Kitura, mkulima, mpole, ambaye nadhani alipenda ule utulivu wa watu kuliko filamu zenyewe.

"Shikamoo, baba," nilimwambia. "Hii yangu naomba isizimwe."

"Marahaba. Hapa kila mtu anazima, fundi."

"Mdogo wangu yuko hospitali, anajifungua. Shemeji atanibipu."

Alinitazama, akaitazama simu, kisha akaiweka pembeni ya zingine. "Haya. Ikiita nitakuja kukuambia. Nenda ukakae."

Siku zile Liuli mtandao ulishika juu ya mwamba mmoja tu, kando ya ziwa. Shemeji alipanda, akapiga, akashuka, na akishashuka humpati tena. Vocha nayo ilikuwa kitu cha kuombeana. Ndiyo maana tulikubaliana mapema. Bipu moja, mama na mtoto wazima, usije, endelea na kazi zako. Bipu mbili, mambo mabaya, njoo. Mabaya kiasi gani hatukuweka alama yake, kwa sababu hakuna aliyetaka kuitamka.

Na bipu ilikuwa na heshima zake. Hupokei, maana ukipokea umekula salio la mwenzako. Hukati pia. Unaiacha iite mpaka aliyepiga akate mwenyewe, ndipo anajua kwamba imefika. Ukimkatia, atadhani hukuona nani kapiga, na atarudia.

Nilikaa, kama ule ulikuwa ni kukaa. Ilikuwa picha ya Kihindi, mama wa steringi anaumwa kitandani na kila mtu anaimba. Sikuelewa kitu. Niliinuka kwenda kuchungulia beseni, baba wa Kitura akatikisa kichwa, nikarudi. Niliinuka tena, benchi zima likaguna. "Fundi, kaa basi, unatuziba." Nikakaa. Jenereta likanguruma huko nje, nami nikawa nasikia milio ya simu ndani ya kila ngurumo.

Wimbo ulipokwisha niliona mtu ameinama begani kwangu. Alikuwa baba wa Kitura, ameishika simu yangu kwa mikono miwili.

"Fundi," alininong'oneza, "imeita mara mbili."

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka jua la nje lilivyoniumiza macho, na yule dada wa kwenye simu akiniambia kwa adabu zake zote kwamba namba ninayopiga haipatikani. Nilipiga tena na tena, akanijibu kwa adabu ileile mpaka nikamchukia. Nilimchukia na shemeji, kwa nini ashuke upesi hivyo kwenye mwamba. Jirani yangu aliponiona nafungua sanduku la nguo hakuuliza kitu. Alitandika mkeka, na kabla jua halijazama wanawake watatu walikuwa wamekaa nyumbani kwangu, wamenyamaza, wananisubiri nilie.

Nilifungasha begi. Vinguo vya mtoto nilivyovishona mwenyewe vilikuwa juu ya cherehani, vimekunjwa tayari, na sikuweza kuvigusa. Nilichukua kaniki, ile nguo nyeusi ya msibani.

Asubuhi nilipata lori lililokuwa linafuata usipa, dagaa wetu wa ziwani. Kwenye kona za kuteremkia ziwani nilisimama nyuma nimeshika bomba, simu nimeiinua juu, natafuta mtandao. Ukishika kidogo, tunapinda kona, umepotea. Utingo alinigombeza. "Mama, kaa chini, utatuletea balaa." Nikachuchumaa, nikasimama tena. Kichwani nilikuwa nimeshamzika mdogo wangu, nimeshagombana na ndugu wa mume juu ya mahali pa kaburi, na nimeshaanza kutafuta nani atamlea mtoto kama kuna mtoto.

Tulipofika Liuli niliruka lori halijasimama vizuri. Nilitega sikio nisikie kilio. Nilisikia mtu anatwanga.

Shemeji alikuwa uani anapasua kuni. Aliponiona alitabasamu, tabasamu likamfia mdomoni.

"Karibu, dada. Mbona hivyo? Kuna nini Mbinga?"

"Yuko wapi?"

"Nani? Mama watoto? Si yuko ndani na mtoto, wametoka hospitali leo asubuhi. Hukupata bipu yangu?"

"Ulibipu mara mbili."

"Mara moja, dada. Ile ya kwanza ulinikatia. Nikajua hukuona ni nani, nikarudia."

Kichwani nilimwona baba wa Kitura ameliinamia beseni lake, akiinyamazisha simu yangu kwa kidole, asijue ameikata, ili watu waone picha yao kwa raha. Nilitaka kumkasirikia, na hasira haikuja. Nilishika ukuta nikaingia ndani.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea gunia la mihogo, mtoto yuko kifuani. Uso umemvimba kidogo, basi. Alifurahi kuniona kwa namna ambayo ilinitoa machozi palepale, na akiwa bado anacheka akavuta begi langu.

"Nione ulichomshonea mwanao."

Nilichelewa kumzuia. Mkono ulitoka na kaniki. Aliishika, akainyoosha, akaitazama kwa muda. Hakuna asiyejua kaniki hubebwa kwenda wapi.

Nilianza kueleza. Beseni, mzee, picha ya Kihindi, wimbo. Nilieleza nikiwa nimesimama, natembea kutoka dirishani hadi mlangoni, na maneno yananitoka ovyo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo, dada," alisema taratibu, "bipu ingekuwa moja, usingekuja."

"Ningekuja Krismasi."

Mtoto aliachia ziwa, akahema, akalirudia. Kisha mdogo wangu aliikunja ile kaniki mara mbili, akaitandika kwenye mkeka kando yake, akaipiga piga kwa kiganja.

"Haya," alisema. "Kaa."

Nikakaa.