Siku ya Kumi na Nne ya Esnart Mtambalika

Nina miaka ishirini na miwili kwenye kibaraza hiki mkabala na mahakama ya rufani, hapa Blantyre, nachapa hati za watu, na sijawahi kumpenda mteja anayenifundisha kazi. Esnart Mtambalika alinifundisha kazi. Nasimulia habari zake kwa sababu mawakili wanalitaja jina lake kila wiki, na hakuna hata mmoja wao anayejua anafananaje.

Ni mama wa Mulanje, wa miaka hamsini na kitu, mfupi, sauti nzito, si mtu wa kucheka ovyo. Mumewe, fundi baiskeli, ndiye aliyehamia kwake, kama ilivyo kwetu huko kusini, maana ardhi yetu hutoka kwa mama ikaenda kwa binti. Mama yake alimgawia dimba, shamba la bondeni kando ya mto Thuchila, lile linalotoa mahindi mabichi wakati milimani kumekauka. Kaka yake, Wedson, ndiye msimamizi wa dada zake wote. Kazi yake ni kuwasemea, kuwapatanisha na kuwazikia. Yeye akaona kusimamia ni kumiliki, akaliuza dimba kwa Mtayamanja, mfanyabiashara wa mbao aliyetaka kuchimba mabwawa ya samaki.

Hakimu wa wilaya akasema Mtayamanja kanunua kwa nia njema, basi ni lake. Mahakama Kuu ikasema hivyohivyo. Ukabaki mlango mmoja tu, huu ninaoutazama kila siku, na muda wa kuugonga ulikuwa siku thelathini.

Siku ya ishirini na tisa mama yake Esnart akafariki.

Kwao mfiwa hatoki nje ya boma, hashiki jembe, hapandi basi, mpaka anyolewe nywele za msiba. Na anayetoa ruhusa ya kunyoa ni huyohuyo msimamizi wa dada zake. Wedson alimzika mama yake vizuri, akalia kwa sauti, kisha akaondoka kwenda Zomba. Akaagiza watu wasubiri, atakuja kunyoa wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja bila yeye, na nyingine ikafuata. Alimfungia dada yake ndani bila kufuli, na mimi nikikumbuka jambo hilo hadi leo damu yangu inachemka.

Hatimaye Esnart alituma watu wamlete bomani chifu wa kijiji, ambaye naye ni mwanamke, akamwomba kwa siku tatu mfululizo. Chifu akaamuru shangazi amnyoe. Kesho yake nikamwona mbele ya meza yangu, kichwa kinang'aa.

"Kaka Likongwe, nimechelewa siku kumi na tisa. Nasikia mnataka kila siku ijieleze."

"Si mimi, mama. Ni sheria. Aliyechelewa lazima aeleze kila siku ilivyokwenda. Ikikosa maelezo siku moja tu, mlango unafungwa."

"Basi nitazileta."

"Utazileta vipi?"

"Zina watu wake," akasema. Nikamchapia ombi la kuongezewa muda, likapokelewa siku hiyohiyo, akaondoka.

Baada ya siku nne lori la mihogo likamwaga wanawake kumi na wanane mbele ya kibaraza changu. Kila mmoja alikuwa na siku yake aliyolala msibani, na kila mmoja alikuja kuiapia. Watu wa benki ya jirani walitoka nje kutazama.

"Wewe mchapaji, umekonda hivi na huna hata kikombe cha thobwa cha kutukaribisha?" aliuliza mmoja, Dorica, shahidi wa siku ya tano.

"Hapa ni ofisi, mama."

"Ofisi yenye meza ya mguu mmoja wa tofali! Haya, kidole gumba changu hiki hapa, chora unachotaka."

Nami, kwa ujanja wangu, nikaandika hati moja safi, kisha nikainakili mara kumi na saba, nikibadilisha jina na tarehe tu. "Nilikuwa pamoja na mwombaji, naye alikuwa katika majonzi makubwa na hali ya kutojiweza." Niliyapenda maneno hayo. Esnart akataka nimsomee ya Dorica.

"Dorica hajasema hivyo. Kasema tuligombania chumvi ya mboga mpaka shangazi akatufukuza jikoni."

"Jaji ana shida gani na chumvi yenu, mama?"

"Ndiyo iliyotokea."

"Mama Esnart, kila mtu na kazi yake. Mimi nakufundisha kulima?"

Nikaacha maneno yangu yabaki. Nikahesabu hati: kumi na nane. Ilikosekana siku ya kumi na nne.

"Hiyo haina mtu," akasema. "Niliwafukuza wote, nikafunga mlango."

"Basi Dorica aape na hiyo. Ulikuwa na malaria."

"Sikuwa na malaria."

"Malaria nani ataipinga? Nchi nzima inaumwa malaria! Unataka kupoteza dimba kwa ajili ya siku moja?"

Aliniangalia mpaka nikaanza kupangapanga karatasi zisizohitaji kupangwa. "Ya siku hiyo nitaapa mwenyewe," akasema. "Andika." Nikaandika kwa hasira, nikimwona mpumbavu, wala sikuficha.

Siku ya kusikilizwa nilikaa benchi la nyuma. Jaji alikuwa mmoja, mama mwenye miwani ya kamba. Wakili wa Mtayamanja alisimama akitabasamu, akashika hati zangu kama karata.

"Mheshimiwa Jaji, wanawake kumi na wanane, sentensi moja. Hata nukta zimekaa mahali pamoja. Huu si ushahidi, ni kwaya."

Watu wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Miaka yote hiyo kazini, na nilikuwa nimemzamisha mteja wangu kwa uvivu niliouita utaalamu.

Jaji alifunua karatasi moja baada ya nyingine, uso umekunjamana, mpaka akafika ile ya kumi na tisa. Hiyo aliisoma kwa sauti.

"Siku ya kumi na nne niliwafukuza watu, nikafunga mlango. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimechoka, nikaamua kumwachia Wedson dimba. Jioni nilipika nsima, nikala peke yangu. Asubuhi nikaona siwezi, nikatuma chifu aitwe."

Wakili akaruka. "Amekiri mwenyewe, Mheshimiwa! Aliacha haki yake kwa hiari!"

Jaji akamgeukia Esnart. "Ulijua maneno haya yanaweza kukufungia mlango?"

"Nilijua, Mheshimiwa. Mchapaji yule pale nyuma alinionya. Alitaka niseme nilikuwa na malaria."

Vichwa vyote vikageuka. Nikainama, nikawa nafunga kamba za viatu visivyo na kamba.

"Na hizi nyingine nani aliziandika?"

"Huyohuyo."

"Dorica yupo?" Dorica akasimama, kitenge begani. "Siku yako ilikuwaje, mama?"

"Tuligombania chumvi, Mheshimiwa. Mimi nilisema imezidi, yeye akasema ulimi wangu umezoea maisha mabaya."

Safari hii hata jaji alicheka. Akaita mwingine, na mwingine, na kila mmoja akaja na siku yake, yenye vumbi lake na kelele zake, wala hapakuwa na mbili zilizofanana.

Baada ya wiki tatu uamuzi ukasomwa. Jaji alisema hati za kunakiliwa hazina uzito, na anayezichapa aone haya. Niliona haya. Kisha akasema mtu aliyekusudia kudanganya asingeiacha siku ya kumi na nne wazi namna ile, na ukweli wake katika siku iliyomuumiza ndio uliomfanya aaminiwe katika nyingine zote. Tena mfiwa aliyezuiwa bomani na mtu yuleyule aliyeuza ardhi yake, akivunjika moyo siku moja, hajazembea. Muda umeongezwa. Mtayamanja asiguse dimba mpaka rufaa isikilizwe.

Wanawake walipiga vigelegele mpaka askari akaja kuwatoa. Esnart hakupiga. Alivuka barabara moja kwa moja, akavuta kigoda, akakaa mbele yangu.

"Haya, sasa rufaa yenyewe."

Nilifungua ukurasa mpya. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza kuandika ule utangulizi wangu mrefu wa siku zote. Nikaufuta.

"Sema, mama. Naandika unavyosema."

"Wedson aliuza dimba lisilo lake."

Nikaandika, nikasubiri. "Endelea."

"Imekwisha."

Mwaka uliofuata majaji watatu walimrudishia dimba lake. Nilisoma hukumu yote, kurasa thelathini na moja, na hawakuongeza kitu juu ya sentensi yake ile moja.