Maji ya Wageni Huchemshwa

Bi Hawa Shekilindi hufua hadi kamba ya kuanikia nguo. Kila Ijumaa huifungua, huisugua kwa sabuni, kisha huianika juani, jua likiwepo. Kwa hiyo kamati ya maji ya kitongoji chetu, huku juu ya Lukozi, ilipotafuta mtu safi wa kutunza mtambo wa Daktari Kristofa, haikuhangaika. Sisi wengine tulikuwa na matope mpaka magotini.

Daktari Kristofa si daktari wa sindano. Ni mwalimu wa chuo kikuu huko Dar es Salaam, mzaliwa wa Bumbuli aliyefanikiwa kukisahau Kishambaa chote isipokuwa kile cha kuombea chakula. Alitueleza mtambo wake kwa saa mbili, nasi tumesimama. Una unga mweupe uitwao titani dioksidi, uleule unaotiwa kwenye rangi za ukutani, ila wake umesagwa mpaka jicho halioni chembe, kisha ukatiwa vipunje vya madini ya fedha. Unga hupakwa kwenye vioo, maji ya kijito hupita juu yake, na mwanga ukiupiga huua vijidudu. Ukiwa peke yake hutumia sehemu ndogo tu ya mwanga wa jua. Ukiwa na vile vipunje hutumia mwanga mwingi zaidi. Tulipiga makofi. Hakuna aliyeuliza mwanga huo utatoka wapi mwezi wa sita, wakati huku kwetu ukungu hukaa mpaka adhuhuri na kuku hawatoki bandani wakidhani bado hakujakucha. Mgeni hasahihishwi siku ya kwanza.

Kazi ya Bi Hawa ilikuwa kufuta vioo na, kila Jumanne, kujaza chupa sita za maji ya mtambo na kuzituma Lushoto mjini kwa bodaboda zikapimwe.

"Mama, usitie kitu chochote humo," Kristofa alimwonya.

"Sitatia, mwanangu."

Na kweli hakutia. Wiki kumi na mbili zikapita, za ukungu mtupu, na majibu yakaja yaleyale: hakuna kijidudu hata kimoja. Kristofa karibu aruke. Unga wake unafanya kazi hata bila jua! Akaandika makala, akaisoma mbele ya wataalamu wenzake, akarudi na koti jipya. Akafunga mtambo wa pili pale shuleni, na mwenyekiti wetu Zuberi, ambaye hupenda sherehe kuliko maji, akaitisha mkutano wa wazazi darasani.

"Kuanzia Jumatatu," Zuberi akatangaza, "watoto watakunywa moja kwa moja bombani. Mambo ya kila mtoto kubeba ukuni wa kuchemshia maji, basi!"

Vigelegele vikapigwa. Bi Hawa hakupiga. Mjukuu wake Sabra yuko darasa la pili hapohapo, na mwaka jana homa ya matumbo ilimlaza wiki tatu mpaka nywele zikanyonyoka. Alisimama huku akishika ukingo wa dawati.

"Moja kwa moja? Bila kuchemsha?"

"Mama, si chupa zako mwenyewe zimethibitisha?" Kristofa akacheka. "Maji safi kabisa!"

"Yale niliyachemsha."

Kristofa akaacha kucheka.

"Ulichemsha maji ya kipimo?"

"Si yalikuwa yanakwenda kwa wakubwa mjini? Niwapelekee watu wazima na heshima zao maji mabichi? Sikulelewa hivyo. Nikayachemsha, nikayapoza, nikayachuja kwa kitambaa kipya, ndipo nikajaza chupa. Kitu sikutia."

Nilitaka kucheka nikashindwa, maana hata mimi ningechemsha. Zuberi akasema Bi Hawa amechoka, tuendelee na ajenda. Kristofa akapekua karatasi zake, na kwa sauti ya upole iliyonichoma kuliko tusi, akasema huenda mama anachanganya mambo, umri nao umekwenda. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nasema watu, lakini kichwa changu nacho kilitikisika, na nakionea aibu mpaka leo.

Bi Hawa akatoka. Nikadhani amesusa. Kumbe alikwenda bombani, kwenye mtambo mpya uliokuwa ukifanya kazi tangu asubuhi. Akarudi na glasi juu ya sahani, imefunikwa kitambaa cheupe. Akapiga goti kidogo, kama anavyomkaribisha mgeni yeyote, akamnyooshea Kristofa kwa mikono miwili.

"Karibu, mwanangu. Haya sikuyachemsha."

Kristofa akaipokea, angefanyaje, na wazazi wote wanamtazama? Akaitazama glasi. Akatazama dirisha, ambako ukungu ulikuwa umeziba hata mlingoti wa bendera. Akairudisha glasi kwenye sahani.

"Mama," akasema taratibu, "leo jua halijatoka."

Wazazi waliinuka mmoja mmoja wakatoka, na Zuberi akabaki na ajenda yake.

Siku hizi Kristofa hujaza chupa zake mwenyewe, na anasema jua likiwaka unga unafanya kazi vizuri. Namwamini. Akimaliza hupita kwa Bi Hawa kunywa maji, na hajawahi kumwuliza kama ameyachemsha.

Jumatatu ile Sabra alikwenda shule na ukuni begani. Mimi sina mtoto pale, lakini nilipeleka kuni mbili.