Jina Lililofinywa

Kila Jumapili, watu wakipanga laini kwenda kupokea komunyo, Apeduno alibaki kwa benchi. Alikunja miguu upande ili wengine wapite, akaangalia mikono yake. Akiror, bibi ya kijana wake, alipita mbele ya magoti hayo na mtoto mgongoni na kitambaa cheupe kichwani. Kila Jumapili alijiambia, leo na mimi nitakaa. Halafu watu wa nyuma wanamsukuma, anaenda, anafungua mdomo. Akirudi, mama mkwe anamsogezea nafasi.

Miaka mitatu ilipita hivyo.

Watu wa kanisa walisema ni kwa sababu mama anapika pombe. Wengine walisema aligombana na padri. Akiror alijua si pombe na si padri. Alijua kwa sababu yeye ndiye alikuwa ameshika mtoto ile siku.

Sasa, huyu Akiror hakuwa mtu mbaya, na ukimwona usingedhani. Alikaa Malaba, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, bwana yake Odeke akipakia mizigo kwa mabehewa. Alikuwa na mkono wa kroshia kuliko wanawake wote wa laini ile. Viti vilikuwa na vitambaa, redio ilikuwa na kitambaa, hata debe la maji lilikuwa na chake, na shanga pembeni ili upepo usikipeperushe. Jirani yake Nabwire, Msamia mwenye mdomo, alizoea kusema, "Dada, siku moja utafunika mpaka bwana." Wanawake kutoka ng'ambo ya mpaka, ambako sabuni na chumvi zilikuwa zimepotea madukani mwaka ule wa sabini na nne, walikuwa wakipumzika hapo mlangoni kwake na mizigo yao, naye aliwapa maji ya kunywa. Mtu mwenye nyumba safi na moyo mzuri, ndivyo walivyomjua.

Lakini alipoolewa, wakikaa kwanza kwa mama mkwe, alikuta nyumba ina mtu mwingine ndani, na huyo mtu alikuwa amekufa.

Atyang alikuwa dada mdogo wa Odeke. Aliolewa ng'ambo, upande wa Tororo, na akiwa na miaka ishirini na moja akashikwa na tumbo. Alituma mtu: mwambie mama akuje. Wakati huo Apeduno alikuwa anapalilia wimbi, na mvua ilikuwa imeshika. Akajibu, nikimaliza kupalilia nakuja. Alimaliza siku ya Alhamisi. Ijumaa akaja mtu mwingine, na huyo alikuja kusema watu waende kuzika.

Akiror hakumwona Atyang hata siku moja, lakini alikaa naye kila siku. Akipika mboga, Apeduno anaonja na kusema, "Atyang alikuwa anatia simsim kidogo." Akiosha sufuria, "Atyang angesugua mpaka ujione uso." Odeke naye akinywa uji anakumbuka uji wa dada yake. Wifi aliye hai unaweza kugombana naye, mkachekana, mkasameheana. Wifi aliyekufa hana makosa. Utamshinda wapi?

Basi Akiror akazaa msichana, na siku ya jina ikafika.

Kwa Wateso jina haliokotwi kwa kalenda. Nyanya ya mtoto anachovya kidole kwa pombe ya wimbi, anakiweka kwa midomo ya mtoto, anataja jina la mtu wa ukoo aliyekwenda. Mtoto akimeza, amekubali, huyo mtu amerudi nyumbani. Akikataa, wanataja mwingine. Wanawake walikuwa wamejaa chumbani kwa Apeduno, Akiror amekaa kwa mkeka na mtoto mapajani, mkono wake mmoja chini ya shuka, umeshika mguu wa mtoto.

Apeduno alichovya kidole. Jina la kwanza alilotaja ni Atyang.

Na mtoto akaanza kunyonya. Akiror aliona midomo ile midogo ikifunga kidole, aliona koo likianza kucheza. Hata leo ukimuuliza nini kilimwingia, hatakujibu haraka. Yeye mwenyewe alijiambia ni woga, kwamba hakutaka mtoto wake abebe jina la mtu aliyekufa mapema. Na huo woga ulikuwako kweli. Lakini chini ya woga kulikuwa na kitu kingine, na kitu hicho alikijua: hakutaka kuzaa wifi yake. Hakutaka kumnyonyesha, kumwosha, kumfulia, halafu aambiwe na yeye pia jinsi ya kupika mboga.

Akafinya, kwa kucha.

Mtoto alipiga kelele, pombe ikamwagika kidevuni. Apeduno akachovya tena, akaita pole pole, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa, "Atyang." Na Akiror akafinya tena. Mara ya kwanza unaweza kusema ni mkono. Mara ya pili ni mtu.

Apeduno alipangusa kidole kwa nguo yake. Akaita Ikapel, mtoto akafunga mdomo. Akaita Asio, nyanya mmoja aliyeishi mpaka akasahau miaka yake, mtoto akameza. Vigelegele vikapigwa, watu wakaingia kwa mirija ya pombe.

Jioni Akiror alimkuta mama mkwe nyuma ya jiko, amesimama tu.

"Uliona vile alilia?" Apeduno alimwambia. "Wengine wanakataa kwa kufunga mdomo. Huyu alinipigia kelele. Bado ana hasira na mimi."

"Mama, ni mtoto tu."

"Wewe hujui. Nilisema wacha nimalize kupalilia." Akaangalia shamba. "Kama mtoto wangu mwenyewe hajanisamehe, nitamwambia nini Mungu?"

Hapo ndipo Akiror angesema. Neno lilikuwa moja tu. Lakini wanawake walikuwa bado wanaimba ndani, na Odeke alikuwa anacheka kwa furaha, na yeye alikuwa amechoka, akaona, nitasema kesho. Kesho nayo ilikuwa na kesho yake. Jumapili iliyofuata Apeduno akabaki kwa benchi, na neno ambalo lilikuwa jepesi likaanza kuwa zito.

Alijaribu kujitetea. Katekista alikuwa akisema kila mara kwamba mambo ya kidole na pombe ni giza la zamani, hayana kitu ndani. Akiror, akiwa anashona kroshia, alishika hilo kwa nguvu. Kama hayana kitu, basi sijaiba kitu. Lakini akifika kanisani anakuta magoti yale, na uzi wote unafumuka.

Kwaresima moja alienda kuungama. Padri alikuwa mzungu mzee, mpole, Kiswahili chake cha kubahatisha.

"Nilifinya mtoto, Padri."

"Umefinya mtoto wako?"

"Ndiyo."

"Kwa hasira?"

"Hapana. Kwa jina."

"Jina lake ni nani?"

"Asio. Lakini ilikuwa awe Atyang."

"Hao ni watoto wawili?"

"Mmoja, Padri. Mwingine alikufa."

"Masikini," padri akasema, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli. "Usifinye tena. Sali Salamu Maria tatu, na huyo aliyekufa nitamwombea kwa misa."

Akiror alisali kumi. Hazikusaidia. Nabwire alipomwona anarudi na uso ule ule, alisema, "Wewe ulitoka huko na dhambi zako zote, hata hawakupunguza moja." Alikuwa anatania tu, hakujua chochote, lakini siku hiyo Akiror hakucheka.

Halafu akapata mimba tena. Mwezi wa tano wa mimba, siku ya Jumanne, Apeduno alitoka kwake Kocholia kwa miguu, na kikapu cha karanga na kunde. Wakakaa nje wawili, wakawa wanabambua karanga kwa ungo. Asio, ambaye sasa alikuwa na miaka mitatu, alikuwa anacheza na vifuniko vya sufuria karibu na ukuta. Malori yalikuwa yamepanga laini barabarani tangu asubuhi, madereva wengine wamelala chini ya magurudumu.

"Huyu akiwa msichana," Apeduno alisema, akionyesha tumbo kwa kidevu, "nitaanza na Ikapel. Ile jina ingine nimeacha."

Akiror alichota karanga nyingine.

"Mtu ukimfungulia mlango akakataa kuingia, utamvuta na kamba? Nimeacha. Nilitaka angalau niende kwa kaburi yake nimwambie mwenyewe. Mwezi uliopita nilivuka. Bwana yake ameoa, wamelima pale pote, mihogo. Nikamuuliza bibi yake mpya ni wapi. Akasema hata yeye hajui." Alibambua karanga moja, akatupa ganda. "Kwa hivyo ni mimi tu nimebaki kumjua. Nikienda, imekwisha."

Alisema bila kulia, kama mtu anayeeleza bei ya samaki. Afadhali angelia.

"Mama," Akiror akasema.

"Sema."

"Nilimfinya."

"Ulifinya nani?"

"Asio. Ile siku ya jina. Nilimfinya mguu, ndiyo akalia."

Vidole vya Apeduno viliendelea na karanga. Moja, mbili. Vikasimama.

"Ulifinya kwa jina gani?"

"Ile ya kwanza."

"Alikuwa anameza?"

"Alikuwa ameshaanza."

"Na nilipoita mara ya pili?"

"Nikafinya tena."

Kule stesheni injini ilipiga filimbi ndefu. Apeduno alingoja iishe.

"Mguu gani?"

"Wa kushoto."

Mama akamwita mtoto. Asio akaja na kifuniko mkononi, akakaa kwa mapaja ya nyanya yake bila kuuliza. Apeduno alishika mguu wa kushoto, akapangusa vumbi kwa kiganja, akaugeuza huku na huku, kama alama ingekuwa bado iko. Mtoto akacheka kwa sababu ya kutekenywa.

"Kwa hivyo alikuja," Apeduno akauambia ule mguu. "Nilimwita mara moja tu, akakuja."

Alipoinua macho, hayakuwa macho ya kupigana.

"Miaka tatu nimekaa kwa benchi, Akiror. Na wewe ulikuwa unapita hapa mbele ya magoti yangu."

"Ndiyo, mama."

"Unaenda, unakula, unarudi."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Akiror angesema woga. Woga una heshima, kila mama angeuelewa. Alifungua mdomo aseme hivyo, lakini mtoto alikuwa pale anacheka, na hakuweza.

"Niliogopa, kwa sababu alikufa mapema. Lakini pia sikutaka akae hapa. Kila siku mlikuwa mnanipima na yeye. Kupika, kuosha sufuria. Nilichoka na yeye na sikumjua."

Apeduno alimwangalia kama hakusikia vizuri. "Atyang? Kuosha sufuria?" Kicheko kilimtoka, kifupi, kibaya. "Atyang alikuwa mvivu. Sufuria zake zilikuwa nyeusi mpaka ndani. Nilimchapa kwa sababu ya sufuria mpaka siku ameolewa. Nani alikudanganya?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi?"

"Kila siku."

Mama mkwe akafikiri. Halafu akavuta leso usoni, na hapo sasa akalia, mabega yakipanda na kushuka, mtoto bado mapajani akijaribu kufungua ile leso aone kuna nini.

Alipomaliza, Akiror alikuwa amepiga magoti. "Nisamehe, mama. Huyu wa tumboni akiwa msichana, umwite tena. Nitampa mtu mwingine amshike. Mimi nitakaa nje."

"Haiwezekani. Mtu akishakuja haitwi tena. Huyu hapa, yuko tangu zamani. Ni wewe umemwita jina ya mwingine miaka tatu."

"Sasa nitafanya nini?"

"Ulimfinya wewe. Utamfundisha wewe."

"Na mimi, umenisamehe?"

Apeduno alisimama, akakung'uta maganda kwa nguo. "Hiyo ngoja," akasema. Hakungoja chai. Akachukua kikapu kitupu akaenda zake, na Akiror akabaki na karanga zilizobambuliwa nusu.

Jumapili hiyo miguu ya Akiror ilikuwa imevimba, hakwenda kanisani. Odeke alirudi akasema, "Mama leo amepokea," kama mtu anayesema mvua imenyesha. Akavua kofia. "Na anasema tumwite mtoto Atyang. Nikauliza kwa nini, akasema niulize wewe."

Kwa hivyo alilazimika kueleza tena, na mara hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu Odeke hakuuliza swali hata moja. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akavaa kofia yake, akaenda stesheni, ingawa Jumapili hakukuwa na kazi.

Kufundisha kulianza Jumatatu.

"Wewe ni Atyang," Akiror alimwambia mtoto akimwosha.

"Mimi Asio."

"Ulikuwa Asio. Sasa ni Atyang."

"Asio ataenda wapi?"

Akiror alichota maji. Akamwosha masikio.

"Huyo Atyang ni nani?"

"Ni dada ya baba. Alikuwa mzuri." Akasita. "Alikuwa hapendi kuosha sufuria."

Mtoto alifurahia hilo kidogo, lakini jina hakulichukua. Ukimwita Atyang anaangalia nyuma yake, atafute nani ameitwa. Ukimshika bega ukamwambia ni wewe, anakukasirikia. Apeduno alipita siku mbili baadaye, akasimama barabarani, akasikiliza, akaendelea na safari ya soko bila kuingia.

Saa ya chakula Akiror alitoka mlangoni na kijiko mkononi. Mtoto alikuwa pale ukutani, anapika udongo kwa kifuniko.

"Atyang, kuja ukule."

Mtoto aliendelea kukoroga.

"Atyang."

Nabwire aliinua kichwa kutoka kwa nguo alizokuwa anaanika. "Mama Asio, umepata mgeni? Unaita nani?"

"Naita mtoto wangu," Akiror akasema, na akaita tena.