Fundi Kaniwekea Friwili

Leo nimesimamishwa na magunia ya viazi, hapa hapa Makambako.

Baiskeli yangu haina friwili; sproketi, ile gia ya nyuma inayovutwa na cheni, imekazwa moja kwa moja kwenye gurudumu. Gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka. Ukitaka kusimama, unazikaza kwa miguu.

Breki sijawahi kufunga. Naona zinaharibu muonekano. (Najua, najua.)

Asubuhi nilimwachia fundi Saidi abadilishe cheni tu. Nimerudi adhuhuri, yeye kaenda kuswali, baiskeli iko tayari. Nikapanda.

Kwenye mteremko wa sokoni nikakaza pedeli.

Zikarudi nyuma zenyewe, laini kabisa.

Mama mwenye viazi kaniinua, kanipa pole, halafu kacheka mpaka kakaa chini.

Nikamrudia fundi, nakokota baiskeli.

"Sproketi ilikuwa imeganda, haizunguki kinyume," akasema, anajisifia kabisa. "Nimekuwekea friwili safi."

"Fundi, ile ndiyo ilikuwa breki yangu!"

Akaangalia gurudumu la mbele. La nyuma. Akaniangalia mimi.

"Na hukuniambia?"

Haya, semeni ukweli, kosa la nani? Sproketi yangu kairudisha.

Ila kabla hamjajibu: breki ya mbele nimeshafunga.