Machozi Niliyoyaona Benki Kuu

Simu ikilia siku hizi, natafuta mlango. Mimi ni mesenja wa benki moja jijini, naishi mtaa wa Kambi Muru. Mwaka huu wa tisini na tatu riba haitulii, na mabosi wangu hawalali wakijiuliza Benki Kuu itafanya nini.

Juzi nilipeleka bahasha huko. Niliporudi, bosi akaniuliza kama nimeona chochote. Ningesema hapana. Lakini mesenja huulizwa maoni mara ngapi? Nikajibu, "Bosi, wakubwa wamejifungia kwa mkutano. Wengine wametoka wakifuta macho."

Akarukia simu kuwaambia wenzake wa benki nyingine kwamba Benki Kuu lazima inapandisha riba. Nani atakopesha serikali leo, ikiwa kesho atalipwa riba kubwa zaidi? Kufikia saa sita uoga wake ulikuwa umeingia kila benki, na riba ilikuwa imepanda kabla Benki Kuu haijasema neno. Nikamwaga chai niliyokuwa nampelekea bosi. Wakubwa niliwaona, ndiyo, lakini sikuuliza mkutano ulikuwa wa nini. Nikajua kazi imeenda, na nyumba pia.

Ndipo mlango ukafunguka, akaingia Wafula, jirani yangu anayefagia huko Benki Kuu, amebeba sahani iliyofunikwa.

"Wewe, mbona ulitoroka asubuhi? Tulikuwa tunamuaga mama wa chai, anastaafu. Hata wakubwa wamelia. Nimekuwekea keki."

Bosi aliitazama keki, kisha akanitazama mimi. Simu zote zilikuwa bado zinalia.